Kipimo Kimefunikwa

Babu yangu, ambaye sisi tulimwita kuka, alilipwa na serikali kuangalia maji. Hivyo ndivyo majirani walivyoieleza kazi yake, tena wakicheka. Kila siku saa tatu asubuhi aliteremka hadi daraja la mto Kuywa, gambuti miguuni, daftari gumu kwapani, penseli nyuma ya sikio. Akifika anatazama bati lililopigiliwa kwenye nguzo ndani ya maji, bati lenye mistari myeusi na myeupe kama rula kubwa. Anaandika namba moja, anarudi nyumbani. Saa kumi na moja jioni anateremka tena. Mwisho wa mwezi ananakili namba zote kwenye karatasi ya serikali, anaitia kwenye bahasha, anaipeleka posta Bungoma.

Alifanya hivyo kuanzia 1969 hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini, pesa zilipoacha kuja bila barua yoyote ya kumwambia aache. Akaendelea miezi minane mingine bure. Kukhu, bibi yetu, alikuwa akisema kwamba katika ndoa yao yote hakuna mwaka aliomkasirikia kama huo.

Haya yote sikuyajua vizuri mpaka niliporudi nyumbani Kibabii na begi moja, mwaka wa tatu wa chuo, karo imenishinda. Nilikuwa nasomea jiografia. Chuo chenyewe sikitaji. Hakikunikosea, ni hesabu iliyogoma. Siku ya pili mama akanituma nimletee karatasi za kuwashia jiko. Nikavuta sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda cha kuka, na ndani nikakuta madaftari yake. Yalikuwa yamebaki kumi na moja. Mengine yalikuwa yameshaivisha maharagwe.

Siku hizi naandika makala za kulipwa kwa kipande: za mbolea, za bima, za hoteli za Kitale. Usiku nanakili namba za kuka kwenye kompyuta, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna aliyenituma. Sababu yangu ni simu moja.

Dada ya baba, senge wetu, aliolewa Bunyala, kule chini kabisa ambako Nzoia unaingia Ziwa Victoria. Kuywa wetu unamwaga maji yake Nzoia, na Nzoia unapita karibu na mlango wa senge. Miaka mingine unaingia ndani kabisa. Mafuriko yakija hupiga simu. Hasalimii. Anasema tu, "Maji yenu yamefika." Alisema hivyo Mei 2020, nyumba yake ikiwa ndani ya maji hadi madirishani, yeye na wajukuu wakilala juu ya tuta chini ya turubai.

Hiyo "yenu" ilinikaa moyoni. Kisha nikakumbuka madaftari. Kwa zaidi ya miaka ishirini baba yake mzazi aliandika, asubuhi na jioni, namba ambayo ingemwambia kwamba maji makubwa yako njiani. Maji yanayopita kwetu leo hayafiki Bunyala leo hii hii, yana safari. Lakini namba ya kuka haikuteremka na mto. Ilipanda. Ilikwenda posta, ikaenda ofisini, ikaenda Nairobi, ikafika huko wakati maji yenyewe yalishaingia ziwani na matope kukauka. Namba ilisafiri polepole kuliko mto, tena ikielekea upande mwingine. Nilitaka kujua kwa nini.

*

Anza na majina. Kaunti ambayo mji wake mkuu ni Kitale inaitwa Trans Nzoia, yaani ng'ambo ya Nzoia. Ng'ambo kwa nani? Kitale na Bungoma ziko upande mmoja wa mto, upande wa Mlima Elgon. Ukiwa Kibabii, ng'ambo ni Uasin Gishu. Jina hilo lilitolewa na mtu aliyesimama upande wa Eldoret akitazama huku kwetu: walowezi wa Kizungu waliokuwa wamekwisha kuchukua nyanda za Uasin Gishu na sasa wanatafuta mashamba zaidi. Mahali pa kuvukia pakaitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Cecil Hoey; leo ni Moi's Bridge. Maporomoko ya Webuye wakayaita Broderick Falls, ingawa wenyeji wana jina lao, Nabuyole. Mto ni wetu, lakini karibu kila alama iliyowekwa juu yake kwenye ramani iliandikwa na mtu aliyekuwa anautazama kutoka kwingine.

Vipimo vilianza vivyo hivyo. Mwaka 1882 Waingereza waliingia Misri, na pamba ya Misri iliishi kwa Nile. Kwa hiyo swali la kwanza la kisayansi kuhusu maji ya upande wetu halikuwa watu wa hapa wanakunywa nini, wala mto ukifurika wakimbilie wapi. Lilikuwa: ni maji kiasi gani yatafika Cairo? Mwaka 1896, reli ndiyo kwanza inaanza kutandikwa kutoka Mombasa, tayari kiwango cha Ziwa Victoria kilikuwa kinasomwa na kuandikwa ufuoni upande wa Uganda. Mwaka 1904 Sir William Garstin, mkubwa wa kazi za umma huko Misri, alitoa ripoti ndefu kuhusu bonde la Nile ya juu baada ya kulitembelea. Miaka miwili baadaye Henry Lyons akachapisha kitabu kizima juu ya maumbile ya Nile na bonde lake. Ni kazi nzuri, siwezi kuidharau. Lakini ndani yake mito yetu ni mirija tu ya kuingiza maji ziwani, na ziwa ni tangi la Misri.

Kisha sayansi ikawa sheria. Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua zilizosema kwamba bila Misri kukubali, hakuna mradi wa umwagiliaji au umeme utakaofanywa kwenye Nile, matawi yake au maziwa yanayoulisha, katika nchi zilizo chini ya Waingereza, kama mradi huo utapunguza maji yanayofika Misri. Kuywa ni tawi la Nzoia, Nzoia unaingia ziwani, ziwa linatoa Nile. Hebu fikiria: mkulima wa Chwele aliyefungua mfereji kwenda kwenye sukuma yake alikuwa, kwa karatasi, kwenye jambo la kimataifa. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilipojengwa na kufunguliwa 1954, Misri ilichangia gharama ili ziwa lenyewe litumike kama ghala la maji yake, na wahandisi wa Misri wakawekwa Jinja kuangalia maji yanavyotoka. Tanganyika ndiyo iliyosema wazi, mwaka 1962, kwamba haiyatambui makubaliano ya 1929; Kenya na Uganda nazo zikafuata njia hiyo baada ya uhuru.

Katika habari hii yote kuna mtu mmoja ninayempenda, na naomba nimpe aya yake. Harold Edwin Hurst, Mwingereza wa Leicester, alifika Misri mwaka 1906 akakaa kazini miongo mingi, hata watu wakamwita Abu Nil, baba wa Nile. Swali lake lilikuwa la kihandisi: bwawa la kuhifadhi maji ya miaka mingi liwe kubwa kiasi gani? Akaenda kwenye rekodi za kipimo cha Roda mjini Cairo, ambako urefu wa mto umeandikwa tangu karne ya saba. Alichokiona, na kukichapisha mwaka 1951, ni kwamba mto haurushi sarafu kila mwaka. Miaka ya maji mengi hupenda kufuatana, na miaka ya ukame nayo hufuatana, kwa vipindi virefu kuliko hesabu za kawaida zilivyotarajia. Wanahisabati bado wanalitumia jina lake kwa jambo hilo. Kukhu wangu, ambaye hakuwahi kusikia habari za Hurst, alikuwa akisema mvua ikishazoea nyumba haiondoki mara moja. Tofauti ni kwamba Hurst alikuwa na rekodi ya zaidi ya miaka elfu moja. Sisi tulikuwa na kukhu.

*

Miaka kumi baada ya makala ya Hurst, mvua ikaizoea nyumba.

Kati ya Oktoba na Desemba 1961 Afrika Mashariki ilinyeshewa mvua ambayo wazee wanaitumia kuhesabia umri wa watoto wao. Baba mkubwa alizaliwa katikati ya mvua hiyo na hajawahi kuhitaji cheti. Ziwa Victoria lilianza kupanda, na halikusimama. Kufikia Mei 1964 lilikuwa limepanda karibu mita 2 na nusu. Gati za bandari zilifunikwa, mashamba ya ufuoni yakawa ziwa. Hakuna kanuni iliyoweza kueleza. Wengine walilaumu bwawa la Jinja. Maelezo mazuri ya mvua yenyewe yalichelewa sana: mwaka 1999 wanasayansi walioongozwa na Saji walionyesha kwamba kuna miaka ambayo Bahari ya Hindi upande wetu hupata joto kupita kawaida huku upande wa Indonesia ukipoa, na hapo mvua za vuli za Afrika Mashariki huongezeka kupita kiasi. Mwaka 1961 ni miongoni mwa mifano mikubwa. Mwaka 1997 ni mwingine, na 2019 mwingine tena. Yaani baba mkubwa alikuwa na karibu miaka 38 sayansi ilipomwambia ni nini kilichonyesha siku aliyozaliwa.

Mshtuko wa 1961 hadi 1964 ndio uliozifanya nchi za bonde hili zitafute vipimo zaidi. Mwaka 1967 ukaanzishwa uchunguzi wa hali ya hewa na maji wa maziwa Victoria, Kyoga na Albert, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, Kenya, Uganda, Tanzania, Sudan na Misri zikiwa ndani. Vyombo vya kupimia mvua vikaongezwa vijijini, mabati ya kusomea mito yakaongezwa kwenye madaraja. Ni katika miaka hiyo afisa mmoja alipofika kwetu akiuliza kwa chifu kama kuna mtu anayeishi karibu na daraja, anayejua kusoma, asiyekunywa. Kuka alikuwa na mawili kati ya hayo matatu. Akachukuliwa.

Sasa ngoja nieleze kazi yenyewe, kwa sababu ndani yake ndimo kuna siri ya mafuriko.

Bati la kuka lilionyesha urefu wa maji tu. Lakini mwenye kupanga bwawa au tuta anataka kujua wingi: maji kiasi gani yanapita kila sekunde. Kwa hiyo mara chache kwa mwaka mafundi walikuja na gari, wakateremsha mtoni chombo chenye kipanga kidogo kinachozungushwa na mkondo. Kikizunguka kwa kasi, maji yana kasi. Wanapima hapa, wanasogea kidogo, wanapima pale, na kina vilevile, mpaka ng'ambo. Wakishafanya hivyo kwa viwango mbalimbali vya maji, wanachora mstari kwenye karatasi: urefu huu kwenye bati, wingi huu kwa sekunde. Kuanzia hapo namba ya kuka inatosha. Anasoma mita moja na nusu, mtu wa Nairobi anatazama mstari, anajua wingi.

Ila mafundi walikuja siku nzuri. Barabara ya matope haipitiki mvua ikiwa kubwa, na hakuna mwenye akili anayeteremsha chombo kwenye mto unaobeba magogo. Kwa hiyo mstari ule ulikuwa na nukta nyingi chini, kwenye maji ya kawaida, na juu hauna kitu. Kule juu huchorwa kwa kuurefusha tu, kwa kudhani mto mkubwa utafanya kama mto mdogo ulivyofanya. Haufanyi hivyo, mto mkubwa unatoka kwenye kingo zake, unapita mashambani, unahamisha mchanga wa chini na kubadilisha umbo lake wenyewe. Hili si kosa la Kuywa peke yake. Ni shida ya vipimo vya mito duniani kote: siku ambayo namba inahitajika kuliko zote ndiyo siku ambayo ni vigumu kuipata.

Katika daftari moja la miaka ya sabini nimekuta siku nne mfululizo zisizo na namba. Kuka aliteremka, naamini, maana kila mstari una saa yake: saa tatu, saa kumi na moja, saa tatu. Mahali pa namba ameandika kwa penseli, kwa mwandiko wake wa kulala: "Kipimo kimefunikwa." Siku ya pili: "Kipimo kimefunikwa." Jioni ya siku ya tatu ameongeza, "Mbuzi mmoja amepita." Siku ya tano namba zinarudi, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilipofika hapo kwenye kompyuta sikujua niandike nini. Programu inataka namba. Ukiacha wazi, hesabu ya wastani inazipita siku hizo nne kimya kimya, na mto unaonekana mpole kuliko ulivyokuwa.

*

Kuna jambo jingine madaftari yanaonyesha, la upole zaidi. Januari na Februari, mahindi yameshavunwa, vumbi tele na mbingu kavu, namba za kuka hushuka lakini haziishi. Kuywa haukauki. Maji hayo hayatoki mawinguni, yanatoka ardhini. Mvua ya mwezi wa nane iliyozama kwenye udongo na miamba iliyooza ya miteremko ya Elgon hutembea pole pole chini kwa chini, hutokea kama chemchemi, na chemchemi hukusanyika kuwa mto. Mto wa kiangazi ni chemchemi zilizokutana. Ndiyo maana mtu akifyeka msitu juu na mvua ikawa inateleza badala ya kuzama, anaharibu mara mbili: anaongeza mafuriko ya Mei na kupunguza maji ya Januari.

Maji haya ya chini nayo yana historia yake ya kupimwa, na hapa hadithi inabadilika kidogo. Kuanzia 1981 mradi wa Kenya na Finland, ambao kila mtu hapa aliujua kwa jina la Kefinco, ulizunguka Magharibi ukichimba visima, ukiweka pampu za mkono na kuzijengea chemchemi. Kujengea chemchemi si jambo la ajabu: unachimba jicho la maji, unaweka mawe na kokoto, unaziba kwa saruji, unatoa bomba, na juu unachimba mtaro wa kuzuia maji ya mvua yasiingie na kinyesi. Mama yangu alichota kwenye chemchemi ya namna hiyo akiwa msichana, na anasema kitu walichokipenda kwanza ni kwamba mtungi ulijaa bila kuinama.

Baadaye wachumi Michael Kremer, Jessica Leino, Edward Miguel na Alix Peterson Zwane waliuliza swali ambalo lingeonekana la kitoto kule Cairo: chemchemi ikijengewa, mtoto anaharisha kidogo zaidi au hapana? Walichukua chemchemi karibu 200 za Busia, jirani zetu, wakazijengea kwa awamu zilizopangwa kwa bahati nasibu, wakalinganisha. Matokeo yalichapishwa 2011. Uchafu wa kinyesi kwenye chemchemi yenyewe ulipungua kwa karibu theluthi mbili. Ndani ya nyumba ulipungua kwa takriban robo tu, kwa sababu maji huchafuka tena njiani na mtungini. Na kuharisha kwa watoto kukapungua kwa karibu robo.

Sikusudii kusema wachumi ni watu wazuri na wahandisi wabaya. Nasema tu swali linaamua jibu linafika wapi. Ukiuliza maji kiasi gani yatafika Misri, jibu linakwenda Misri. Ukiuliza mtoto wa Busia anaumwa tumbo kiasi gani, jibu linaishia kwenye bomba la Busia.

*

Turudi kwa senge.

Nzoia ndio mto mkubwa kuliko mito yote ya Kenya inayoingia Ziwa Victoria. Unakusanya maji ya Elgon na Cherangani, eneo la kilomita za mraba 12,900 hivi, halafu unayashusha yote hadi uwanda wa Bunyala, ambao ni tambarare kama meza. Mto ukiwa mlimani una mbio na unabeba udongo. Ukifika tambarare unachoka, na aliyechoka hutua mzigo. Uwanda wenyewe uliumbwa na mizigo hiyo; ndiyo maana mpunga unastawi, na ndiyo maana watu walikaa pale.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilijenga matuta pande zote mbili za mto. Tuta linazuia maji, lakini linazuia pia udongo usitawanyike. Sasa mto unautua mzigo wake ndani ya matuta, mwaka hadi mwaka, na sakafu yake inapanda. Senge anasema akiwa mgeni pale alishangaa kuona ngalawa ikipita juu ya kichwa chake. Alidhani ni uchawi. Ilikuwa ni mto uliobebwa juu ya shamba. Tuta la namna hiyo likipasuka, maji hayafuriki, yanaanguka. Lilipasuka 2003. Likapasuka 2008, na 2011, na 2018. Mwaka 2020 mto ulikuja juu huku ziwa nalo limejaa, limeipita hata alama ya 1964, kwa hiyo maji hayakuwa na pa kwenda. Mwaka 2024 ziwa likaivunja rekodi hiyo pia. Abu Nil angetikisa kichwa tu: miaka ya maji hufuatana.

Na katika miaka hiyo hiyo ambayo Bunyala ilikuwa inahitaji namba kuliko zamani, namba zilikuwa zinapotea. Tangu miaka ya themanini fedha za serikali za kusoma mito zilipungua, vituo vikafa kimoja kimoja, hata vile ambavyo havikufa vikawa na mapengo. Kuka alikuwa pengo mojawapo. Bati lake liling'olewa baadaye. Nadhani liliuzwa kama chuma chakavu, na sitamlaumu aliyelipeleka kwenye mizani.

Halafu ikaja setilaiti. Wanasayansi wa Marekani, wakishirikiana na kituo cha ramani cha kanda kilichopo Kasarani, Nairobi, walichagua Nzoia kuwa uwanja wa kujaribia programu ya kompyuta inayokadiria mafuriko kutokana na mvua inayoonekana kutoka angani. Wazo lilikuwa zuri: mito mingi ya Afrika haina wasomaji, basi tuisome kutoka juu. Lakini nilipoifuatilia kazi hiyo nilitabasamu. Ili programu ijue kama inakisia vizuri, ilibidi kwanza ilinganishwe na vipimo vya kweli vya mto, vya miaka mingi, vilivyosomwa kule chini kwenye daraja la Rwambwa. Yaani hata setilaiti ilihitaji mtu aliyesimama ukingoni na gambuti.

*

Mwaka jana nilinunua kopo la rangi nyeupe, nikaenda darajani na binamu yangu ambaye ni bodaboda, tukachora mistari kwenye nguzo kila nusu mita. Si kipimo halali. Mhandisi yeyote angenicheka, na hakuna mstari wa wingi utakaochorwa kwa rangi ya dukani. Lakini binamu hupita pale kila asubuhi akipeleka abiria, na sasa ananitumia picha. Mimi namtumia senge ujumbe.

Usiku mmoja wa mvua za masika alinipigia saa nne: mistari yote imezama isipokuwa miwili. Nikampigia senge. Mara hii mimi ndiye sikusalimu.

"Maji yetu yanakuja," nikamwambia.

"Yatafika lini?"

Hilo ndilo swali ambalo kuka hakuwahi kuulizwa. Nikamwambia ningekisia kesho kutwa. Akawaamsha wajukuu, wakabeba magunia matatu ya mahindi na godoro hadi juu ya tuta, wakafunga mbuzi huko huko. Kesho kutwa ikaja. Mto ulipanda, ukafika karibu na ukingo wa tuta, ukasimama, ukaanza kushuka. Nyumba haikuguswa.

Akanipigia jioni, na nilijua nitasemwa. Akanisema. Mgongo unamuuma, gunia moja limelowa umande, majirani wanamwita nabii wa bure. Nikaomba msamaha. Nikamweleza kwamba mvua kwetu si mvua Kitale, kwamba Kuywa ni tawi moja tu, kwamba ningehitaji mtu Moi's Bridge, mtu Webuye, mtu Mumias, na miaka mingi ya namba. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sawa," akasema. "Na kesho asubuhi yako wapi? Uniambie."

Asubuhi binamu akatuma picha. Mistari mitano ilikuwa inaonekana. Nikamtumia senge, kisha nikafungua daftari jipya, nikaandika tarehe, saa tatu, na namba.